Pembe ya Tano

Tbilisi, Januari. Umeme hakuna, leo siku ya tisa.
Katika duka la rehani la Shalva, mtaani Sololaki,
najifunza kusoma kwa mshumaa
maandishi madogo kuliko chawa.

"Pete usiitazame usoni," huniambia,
"uso kila mtu anauosha. Ipindue,
isome tumboni."
Kisha hubana lenzi jichoni
kama mtu anayeikonyeza dunia.

Tumboni mwa pete nimezikuta serikali.
Mwanamke wa kilemba kirefu anatazama kushoto,
ubavuni pake hamsini na sita: enzi ya mfalme.
Mwanamke yuleyule kageukia kulia:
mfalme yuleyule, karibu na kuanguka.
Halafu kichwa cha mfanyakazi na nyundo yake.
Halafu nyota, nyundo na mundu ndani yake,
na mia tano themanini na tatu.

Hamsini na sita, mia tano themanini na tatu:
dhahabu ni ileile, kiasi ni kilekile,
wahesabuji ndio waliopokezana meza.

Nimejifunza pia makovu.
Pete iliyopanuliwa mara nyingi hukatwa palepale penye muhuri,
nambari ikabaki na tarakimu mbili,
kama bibi aliyesahau mwaka aliozaliwa.
Msimu huu hakuna anayekuja kupanua.
Vidole vya mji mzima vimekonda,
pete zinavuka vifundo bila sabuni.

Leo kaja Tsiuri, mwalimu wa jiografia,
dumu tupu la mafuta ya taa mkononi.
"Ya Leningrad," akasema, "sitini na moja.
Marehemu Vazha alipanda treni siku tatu kuifuata."
Akaivua. Kidoleni ikabaki bangili ya kijani,
kijani cha miaka thelathini na mbili.
"Sabuni ya kufulia," akaeleza. "Vazha aliniambia."

Shalva akaitia pete chini ya lenzi. Akakawia.
Akanipa mimi.

Nyota ilikuwapo. Ina pembe nne;
ya tano ilikosa nafasi.
Nyundo ipo, mundu haupo.
Nane imelala chali kama mende.
Muhuri halali hupigwa kwa pigo moja, ukaisha;
huu ulikwaruzwa kwa msumari,
usiku, bila shaka, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo,
na dereva wa tramu wa miaka ishirini na minne
asiyetaka kusikia kwamba chanda chema
kingengoja mshahara.

Jiwe jeusi. Mstari wa manjano. Tone la asidi.
Mstari ukachemka, ukatoweka
kama mdeni aliyesikia hodi.

"Shaba," akasema Shalva, akiutazama mshumaa.

Nilidhani atalia. Akaomba lenzi.
Akasoma polepole, midomo ikicheza,
kama asomavyo daftari la mwanafunzi mtundu.
"Pembe nne," akasema. "Hata kuhesabu hakujua!
Na treni yenyewe basi alipanda kwenda wapi?"

Akacheka. Akacheka hadi mshumaa ukayumba,
na ndani kabisa, upande wa kushoto, gego likang'aa,
la manjano zito, lisilo nyota wala nambari.

Shalva akaliona. Mimi nikaliona.
Meno hayapigwi muhuri,
hakuna serikali iliyowahi kuingiza nyundo humo,
ila jicho letu halikuhitaji asidi.

"Hilo aliniwekea yeye mwaka wa sabini," akasema Tsiuri,
akafunga mdomo.
Akaivaa pete palepale kwenye kijani chake,
akachukua dumu lake tupu.
"Nitarudi. Si leo. Leo bado nacheka."

Mlango ukafungwa nyuma yake, baridi ikaingia kwanza.
Shalva akanisogezea daftari la siku.
Safu ya kwanza: alama.
Kalamu ilikuwa imeganda. Niliipulizia muda mrefu.